Alivyoipiga Challenger ya 1970 rangi nyeusi isiyong'aa, mke akanuna wiki tatu

Picha yenyewe wengi mliiona. Jamaa kasimama mbele ya Dodge Challenger ya mwaka 1970, mikono mfukoni, miwani usoni, na gari nyuma yake jeusi tii. Siyo jeusi la kung'aa kama viatu vya bwana harusi. Jeusi lisilong'aa kabisa, kama sufuria ya kuni iliyosahaulika jikoni. Laiki zilimiminika, Wabongo wakamwita bosi, tajiri, mkuu wa kaya. Kuna mmoja alimwomba hela ya vocha palepale.

Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba ile ilikuwa siku ya kumi na tisa mke wake haongei naye. Yaani anaongea, lakini ni yale ya "chakula kipo mezani" na "mtoto anatakiwa shule saa mbili." Na aliyeipiga picha yenyewe ni huyo mtoto, wa miaka tisa, kwa sababu mama alisema ana usingizi.

Twende taratibu.

Jamaa ni mtoto wa Tabata, yuko Houston, Texas, mwaka wa kumi na moja sasa. Anaendesha malori ya masafa marefu, wiki mbili barabarani, siku nne nyumbani. Mke wake ni muuguzi wa zamu za usiku. Wana mtoto mmoja, deni la nyumba, na kiwanja Kibaha ambacho kilikuwa kinasubiri kuzungushiwa ukuta. Huo ukuta ukumbukeni.

Nyumba ya tatu kutoka kwao anaishi mzee mmoja, Mmarekani mweusi wa miaka sabini na kitu, aliyepigana Vietnam. Jamaa alikuwa akirudi safari anamkatia mzee majani mbele ya nyumba, bure tu, kwa ile heshima tuliyolelewa nayo. Mzee naye anamletea nyama choma za Kitexas. Miaka minne jamaa anaona turubai la kijivu ndani ya gereji ya mzee na haulizi. Siku moja mzee akalifunua mwenyewe.

Kwa ambao ulimwengu wao wa magari unaishia kwenye IST na Crown, hapa inabidi kusimama kidogo. Miaka ya 1960 Wamarekani waligundua kwamba ukichukua gari la kawaida la familia ukalitia injini kubwa ya silinda nane, vijana watakufa kwa furaha, na wengine watakufa kweli. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyowasha moto. Baada ya hapo kila kampuni ikaingia ulingoni. Challenger ilichelewa, ilitoka kwa mara ya kwanza kama toleo la mwaka 1970, sherehe ikiwa inakaribia kuisha. Bima zikapanda, sheria za moshi zikabana, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Ndiyo maana yaliyobaki yanatafutwa kama lulu.

Ya mzee haikuwa ile ya kutisha yenye Hemi. Ilikuwa na injini ya 318, lita 5.2, ambayo kwa Challenger ni ya kawaida tu. Rangi nyekundu iliyochoka. Kutu kwenye sakafu ya buti na nyuma ya matairi ya nyuma. Panya walishafanya makazi kwenye siti. Lakini umbo! Bonati ndefu, mgongo mfupi, taa nne mbele zimekaa kama mtu anayekukazia macho. Jamaa hakulala usiku ule.

Wakakubaliana dola 8,500, alipe kidogokidogo kwa miaka miwili. Mzee akatoa sharti moja: "Likianza kutembea, abiria wa kwanza ni mimi."

Mke hakupinga. Hilo lisemwe mapema ili asije akaonekana mbaya. Alisema gari ni la kwako, hela ya safari za ziada ni ya kwako, hela ya Kibaha usiiguse. Maneno yalikuwa wazi kama mchana.

Sasa rangi. Jamaa alikuwa na picha moja tu kichwani: nyeusi isiyong'aa. Na kabla hatujamcheka, rangi hiyo ina historia yake. Vijana wa Marekani waliokuwa wanatengeneza magari yao mitaani baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wanaishiwa hela kwenye injini, gari linabaki na praima. Wakaendesha hivyohivyo. Umaskini ukageuka mtindo, kama jinzi zilizochanika. Baadaye viwanda navyo vikaiga, kwa sababu nyingine: Mustang Mach 1 ya 1969 ilitoka kiwandani na bonati nyeusi isiyong'aa ili jua lisirudishe mwanga machoni mwa dereva. Na aliyeangalia filamu ya Death Proof ya 2007 anaikumbuka ile Chevrolet Nova nyeusi. Haikuhitaji kung'aa ili kuogopesha.

Jamaa alikuwa na sababu mbili zaidi ambazo hakuziposti. Ya kwanza, aliamini ni rangi ya bei rahisi. Ya pili, aliamini inaficha. Bodi ina mabonde, ina kutu, ina alama za miaka hamsini. Ukiipiga rangi inayong'aa kila kitu kitaonekana, ukiipiga isiyong'aa mambo yanaisha. Ndivyo alivyodhani.

Tena yote haya yanatokea Houston! Mji ambao magari yake yana heshima ya rangi kuliko pengine popote Marekani. Wale vijana wa slab, na Cadillac zao zinazotembea polepole, rimu zimechomoza nje kama viwiko vya mtu mwenye hasira, rangi yao ni ya pipi. Tabaka juu ya tabaka mpaka unaona kama gari limelowa sharubati. Kuleta gari lisilong'aa hapo ni kama kwenda harusini Zanzibar umevaa gunia.

Kabla ya kununua hata msasa, jamaa alikwenda kwa mzee kuomba ruhusa. Gari lilishakuwa la kwake, lakini adabu ni adabu. Akamwambia, mzee wangu, nataka kulipiga jeusi, lile la kutong'aa.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Jamaa akadhani kamuudhi.

Kumbe mzee ana mtoto wa kiume. Yuko Dallas, mtu mzima sasa. Tangu ana miaka kumi na saba alikuwa anataka gari lile lipigwe hiyohiyo rangi, na kila mwaka mzee anamwambia, "Nikishakufa." Utani ukawa ugomvi, ugomvi ukaibua mambo mengine ya zamani ambayo hayahusu gari kabisa, mambo ya mama yake na nani alikuwepo hospitali na nani hakuwepo. Mwaka wa sita huo hawapigiani simu. Mzee alisimulia yote akiwa anaangalia boksi la vifaa. Halafu akasema, "Piga nyeusi," akaingia ndani.

Jaribio la kwanza lilifanyika Julai. Houston, Julai, jasho linakutoka ukiwa umekaa. Jamaa alinunua makopo ya kupuliza ishirini na kitu, akafunika taa na vioo kwa magazeti na tepu, akapiga msasa juujuu, akaanza kazi. Kutu alizipita kama hazioni. Jirani wa upande wa pili akawasha mashine ya kukatia majani. Saa nane mchana mawingu yakaja.

Matokeo yake gari lilikuwa na mistari kama pundamilia aliyekula chumvi nyingi. Mahali pengine panang'aa kidogo, mahali pengine pamekauka kama chaki, na vipande vya majani vimenata kwenye paa. Akajaribu kusugua sehemu moja kwa polishi ili alingane na pengine. Pakang'aa kama kipara.

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini rangi hii haina msamaha. Kung'aa ni ulaini tu: uso ukiwa sawa kama kioo, mwanga unarudi pamoja na unaiona sura yako. Kwenye rangi isiyong'aa huwekwa chembechembe, mara nyingi za silika, zinazoufanya uso uwe na vilima ambavyo jicho haliwezi kuviona, na mwanga ukigonga unatawanyika. Ukisugua, unavilaza vile vilima. Kwenye rangi ya kawaida vumbi likiingia unasubiri ikauke, unapiga msasa laini, unapiga polishi, unaenda kula. Huku ukikosea unarudia paneli nzima. Mkwaruzo mmoja wa funguo mlangoni, unarudia mlango.

Dola mia nne zikawa zimekwenda hivyo.

Akaulizia, akaelekezwa kwa fundi mmoja Mmexico mwenye gereji ndogo upande wa kusini magharibi mwa jiji. Fundi alizunguka gari mara moja. Halafu akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye madigadi ya nyuma, polepole, kama daktari anayetafuta uvimbe. Akasema kitu kwa Kihispania. Jamaa hakielewi Kihispania, ila alielewa.

Fundi akamfafanulia kwa Kiingereza cha kuungaunga. Ni kweli mabonde madogo hayaonekani sana kwenye rangi isiyong'aa, kwa sababu hakuna taswira ya kujikunja juu yake. Lakini kutu haijali rangi. Ukiifunika inaendelea kula chini kwa chini, na mwakani itatokeza malengelenge. Na wale wanaoendesha na praima tupu ndio wanaliwa zaidi, kwa sababu praima nyingi zinapitisha unyevu, na Houston hewa yenyewe ni supu. Kwa hiyo: kuvua rangi yote, kukata mabati yaliyooza, kuchomelea mapya, puti kidogo, praima, nyeusi, halafu klia maalumu isiyong'aa juu yake. Kazi yote dola 4,600, na jamaa apige msasa mwenyewe ili bei isipande.

Alikuwa na 1,800.

Zile 2,800 zilitoka kwenye hela ya ukuta. Mke alipouliza, jamaa akasema mzee amechangia rangi. Uongo mdogo, akajiambia, safari mbili tatu za Denver na hela inarudi kabla fundi wa Kibaha hajaamka. Wanaume tunajuana.

Wakati wa kuvua rangi ndipo likatokea jambo lililomkosesha usingizi mara ya pili. Chini ya ule wekundu kulikuwa na zambarau. Zambarau kali, ya kelele. Akaenda kwenye kile kibati kidogo kilichofungwa ndani ya chumba cha injini, ambacho Dodge waliandika namba za kila kitu gari lilichotoka nacho kiwandani. Kwenye rangi palisomeka FC7. Plum Crazy! Moja ya zile rangi za vichaa ambazo Dodge walizitoa enzi zile, na ambazo wakusanyaji wa leo wanazililia.

Jamaa akaweka picha kwenye kundi la Facebook la wapenzi wa magari hayo. Astaghfirullah. Wazungu walimrukia kama ameuza figo ya mama yake. Rudisha zambarau, unaharibu historia, unatupa maelfu ya dola. Na kwa upande wa hela hawakukosea: gari lenye rangi yake ya kiwandani, hasa ile, linauzika vizuri zaidi. Wiki mbili jamaa anayumba. Fundi anauliza, nichanganye ipi?

Akaenda tena kwa mzee. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo, ilikuwa zambarau, na aliipenda kupita kiasi. Ila kijana mweusi ndani ya gari la zambarau, Texas, miaka ile, alikuwa anasimamishwa na polisi karibu kila wiki. Mwaka 1983 akachoka, akaipiga nyekundu. Waliomwambia jamaa anaharibu historia, hiyo sehemu ya historia hawakuijua. "Hiyo zambarau nimeshaitumikia," mzee alisema. "Piga nyeusi."

Basi ikawa nyeusi. Walichofanya ni kuacha kipande cha zambarau, ukubwa wa sahani, ndani ya buti mahali pa tairi la akiba.

Siku ya kupuliza ilikuwa Jumamosi. Fundi alianza saa kumi na moja alfajiri kabla joto halijapanda. Sakafu kaimwagia maji ili vumbi lilale. Yeye mwenyewe kavaa suti na kinyago chenye mpira wa kuleta hewa kutoka nje, kwa sababu hadina ya rangi hizi ina kemikali zinazoumiza mapafu, na kinyago cha karatasi hakisaidii kitu. Jamaa alitokea na barakoa yake iliyobaki enzi za korona. Alifukuzwa kama kuku.

Akaangalia kupitia dirishani. Fundi anatembea kutoka taa ya nyuma mpaka taa ya mbele bila kusimama, mkono uko umbali uleule, mwendo uleule, kila mstari unafunika nusu ya uliopita. Ukipuliza nzito inakauka polepole na inabadilika sura. Ukipuliza nyepesi inakuwa chaki. Ukisimama kujikuna umeharibu.

Hapa jamaa akafanya kosa la kibinadamu. Akaomba apulize mlango mmoja. Gari langu bwana, niliote mimi, niache niguse. Fundi alikataa mara tatu. Mara ya nne akampa suti na kinyago cha akiba, akamwonyesha, akampa mlango wa kushoto, wa dereva. Jamaa aliona kafanya vizuri. Ilipokauka, ukisimama kwa pembeni jua likiwa chini, kulikuwa na mistari miwili mipana, imefifia, kama kivuli cha mapazia. Fundi akasema turudie. Jamaa akauliza ni shilingi ngapi. Fundi akasema. Jamaa akasema acha.

Jumatatu mke akataka kumtumia fundi wa Kibaha hela ya tofali. Akafungua akaunti.

Hakupiga kelele. Watu wanaopiga kelele wana nafuu. Alimsubiri jamaa amalize kula, akaweka simu mezani, akamwonyesha. Jamaa akaanza habari ya safari za Denver. Mke akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba Nanii, ungeniomba ningekataa, kweli. Lakini ungeniomba." Akachukua mkoba akaenda zamu.

Ndiyo zikaanza zile wiki tatu.

Katikati ya wiki hizo mama yake jamaa akapiga simu ya video kutoka Tabata. Jamaa, kwa kutafuta faraja, akamzungushia simu gari zima. Mama akaangalia kwa makini. Akauliza, "Mwanangu, sasa hiyo rangi yenyewe wanaipiga lini?"

"Mama, ndiyo hiyo."

"Hiyo si andakoti?"

Na ana haki. Kwa gereji zetu za kunyoosha na kupiga rangi, gari la namna hiyo halijaisha, linasubiri mwenyewe alete hela iliyobaki. Mama akaongeza, bila kujua anakanyaga wapi, "Na ukuta vipi? Fundi ananiulizia kila siku."

Jamaa akasema mtandao unasumbua.

Maisha na rangi ile nayo hayakuwa ya insta. Mashine ya kuoshea magari yenye mabrashi ni marufuku, yale mabrashi yanasugua mpaka panang'aa. Nta marufuku, polishi marufuku. Ni ndoo, sabuni laini, taulo laini, na mgongo wako. Mafuta ya mkono yanaacha alama, kwa hiyo kila mtu anayetaka kugusa anaambiwa taratibu kama yuko makumbusho. Na ndege! Aliyewahi kufika Texas anawajua wale ndege weusi wenye mikia mirefu wanaojazana jioni kwenye maegesho ya maduka. Kinyesi chao kikikaa juani kwenye klia ile, doa linabaki, na huwezi kulisugua. Jamaa alikuwa anabaki nje na chupa ya maji na kitambaa, anawalinda ndege, mke na mtoto wako ndani wananunua unga.

Siku moja kituo cha mafuta, Cadillac ya pipi, nyekundu ya kulowa, ikasimama pembeni yake. Kijana akashuka, akaizunguka Challenger, akauliza kwa heshima kabisa, "Braza, klia iliisha?" Halafu akacheka, akampa tano. Jamaa alikuwa hajacheka na mtu mzima siku kumi na mbili.

Hela aliirudisha. Siku zake nne za mapumziko zikawa mbili, miezi minne mfululizo. Hakuna aliyempigia makofi na hakustahili. Ila wiki ya nne, Jumapili, mke alitoka nje na kikombe cha chai, akasimama uani, akauliza kama siti za nyuma zina mikanda. Ilikuwa ndiyo sentensi ya kwanza isiyohusu chakula wala shule.

Jumapili hiyohiyo mzee akapanda. Goti lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji, ndiyo maana sharti lake lilichelewa. Alivaa kofia yake ya jeshini. Mbele jamaa na mzee, nyuma mke na mtoto, kiyoyozi hakuna, madirisha chini, gari jeusi ndani ya jua la Texas. Walikuwa kwenye oveni inayonguruma. Mzee hakusema neno mpaka wamerudi. Aliposhuka alitoa simu, akapiga picha moja kutoka upande wa dereva, mikono inatetemeka kidogo, akaandika namba kwa kichwa bila kutafuta kwenye orodha, akatuma. Hakueleza kwa nani na hakuna aliyeuliza.

Jibu lilikuja kesho yake jioni. Mzee alitembea na fimbo yake mpaka kwa jamaa, nyumba tatu, akamwonyesha simu. Kutoka Dallas, baada ya miaka sita, mistari miwili tu: "Nani kapiga? Safi sana, ila mlango wa kushoto una mistari."

Mzee alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa mkono uleule. "Ndiye huyo," akawa anasema. "Ndiye huyo kabisa."

Usiku jamaa akaenda gereji na tochi. Akachuchumaa pembeni ya mlango, akaangaza kwa ubavu, na kweli, ipo, miwili, mipana. Mke akatokea nyuma yake amevaa sare za kazi, anatafuta funguo zake.

"Unatafuta nini?"

"Eti mlango una mistari."

"Mimi niliiona siku ya kwanza," mke akasema. "Si tulikuwa hatuongei."